Kilo ya sukari na miaka mitano: mfuko wa mgombea unavyogusa sauti yako

Katika kipindi chetu cha asubuhi tuliwahi kuwauliza wasikilizaji swali moja: mgombea akikupa zawadi, unapokea au unakataa? Mama mmoja alitupigia akiwa shambani, sauti za watoto zikisikika nyuma yake. Alisema anapokea. Sababu yake ilikuwa kwamba mgombea akishapita hamwoni tena mpaka miaka 5 iishe, kwa hiyo ni afadhali abaki na kilo ya sukari kuliko kubaki bila chochote.

Simu zikafululiza. Wapo waliomuunga mkono, wapo waliomkaripia kwamba anauza nchi. Baba mmoja akamalizia kwa kusema mkono mtupu haulambwi. Muda ukatuishia, tukaingia kwenye taarifa ya habari.

Tulitoka studio tukiwa na deni. Mama yule hakuwa anatania, wala hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu, na waliomkaripia hawakumwonyesha ni wapi hesabu hiyo imekosewa. Ndiyo maana tumeandika makala hii, uisome taratibu kwenye simu yako na umsomee jirani asiye na simu.

Tuseme mapema kwamba uchaguzi huamuliwa na mambo mengi. Upo uhuru wa vyama, ipo tume ya uchaguzi, upo usalama wa mpiga kura, upo uhuru wa vyombo vya habari. Kila jambo linastahili makala yake. Leo tunashika moja tu: pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho, na jinsi pengo hilo linavyoamua nani anatuwakilisha na nani anasikilizwa.

Zamani mfuko uliandikwa kwenye sheria

Vijana wengi hawajui kwamba kulikuwa na wakati kipato cha mtu kiliamua kama atapiga kura au la. Uchaguzi wa kwanza wa wabunge Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, chini ya serikali ya mkoloni. Kupiga kura, mtu alitakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, na pia atimize angalau sharti moja kati ya haya: awe na elimu ya darasa la 8 au zaidi, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo kinachotambuliwa.

Pauni 150 wakati ule zilikuwa shilingi 3,000 kwa mwaka, yaani shilingi 250 kwa mwezi. Kibarua wa mkonge hakuzikaribia. Mkulima wa mahindi hakuziota. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 9, lakini walioruhusiwa kupiga kura walikuwa sehemu ndogo sana. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kujadili kama ishiriki au isuse. Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na chama kikashinda. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi huo, akatoka na kuanzisha chama chake. Baada ya Uhuru sharti la kipato likaondoka. Leo Katiba, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Tajiri ana kura moja, na mama wa shambani ana kura moja.

Kwa miaka mingi pia mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake kujinadi. Katika uchaguzi wa 1965, wa chama kimoja, kwa kawaida wagombea walikuwa wawili kwa kila jimbo, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Chama ndicho kilichoandaa mikutano na kuwazungusha wote wawili pamoja. Mpiga kura hakuwa na chama kingine cha kuchagua, na hilo lilikuwa pungufu kubwa. Lakini alipofika mkutanoni aliwaona watu wawili wamesimama mahali pamoja, bila mmoja kuja na msafara wa magari na mwingine kuja kwa miguu.

Azimio la Arusha la 1967 likaongeza masharti kwa viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar. Mwaka uliofuata, 1992, mfumo wa vyama vingi ukarudi. Kwa hiyo ushindani wa vyama na fedha binafsi katika siasa viliingia karibu wakati mmoja.

Mlango usioandikwa

Ukisoma Katiba leo, ibara ya 67, masharti ya mtu kugombea ubunge ni mepesi. Awe raia, awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Hakuna palipoandikwa kwamba awe na gari.

Lakini tazama sharti la chama. Huwezi kugombea ukiwa huru, bila chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Sharti hilo bado limo kwenye Katiba. Maana yake, anayetaka kutuwakilisha lazima kwanza apite kwenye mlango wa chama.

Na mlango wa chama una gharama. Mwaka 2025, chama tawala kilipofungua zoezi la kuchukua fomu, ada ya fomu ya ubunge ilikuwa shilingi 500,000. Mwaka 2020 ilikuwa shilingi 100,000. Hapo hujazungumzia nauli ya kwenda na kurudi wilayani, picha, simu, wala kuwafikia wajumbe wanaopiga kura za maoni kata kwa kata.

Weka namba hiyo kando ya nyingine. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa nchi nzima, watu 26 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari huo. Vijijini walikuwa 31 katika kila 100, na mijini karibu 16.

Hata tukikumbuka kwamba bei zimepanda tangu wakati ule, mtu aliye kwenye mstari huo angehitaji matumizi yake yote ya miezi 10, asile wala asivae, ili apate ada ya fomu moja. Sheria haijamkataza kugombea. Mfuko ndio uliomkataza.

Matokeo yake unayaona wakati wa kampeni. Kwenye majukwaa mengi vijijini, anayeomba kura ni mfanyabiashara, mtumishi mstaafu mwenye kiinua mgongo, au mtu aliyetoka mjini kuja kugombea nyumbani kwao. Baadhi yao ni viongozi wazuri. Lakini mkulima wa ekari mbili anayejua kero ya pembejeo kwa sababu anaiishi, au muuza samaki anayejua ushuru wa mnadani kwa sababu anautoa, ni nadra kumwona jukwaani akiomba kura. Mara nyingi utamwona amebeba spika ya mgombea.

Kwa wanawake mlango ni mwembamba zaidi. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na utaratibu huo umeongeza sana idadi yao bungeni. Lakini wa viti maalumu hapigiwi kura na wewe. Anapatikana kupitia orodha ya chama chake. Mwanamke anayetaka jimbo lenyewe anakutana na gharama zilezile za wanaume, huku ardhi, mifugo na nyumba ambazo angeweza kuuza kupata mtaji huo kwa kawaida viko kwenye jina la mwanaume.

Mgeni aliyekuja na sufuria

Sasa turudi kwenye sukari, maana ina kesi yake mahakamani.

Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuruhusu kitu kilichoitwa takrima. Sheria ilisema kwamba jambo linalofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi halitahesabiwa kuwa rushwa. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika ni mkarimu, na si vibaya watu waliokaa juani kumsikiliza mgombea wakapewa soda na chakula.

Mashirika matatu yanayotetea haki, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahakama Kuu. Aprili 2006, majaji watatu walivifuta vifungu hivyo. Walisema takrima inabagua kati ya mgombea mwenye kipato kikubwa na mwenye kipato kidogo, na kwamba inapingana na usawa mbele ya sheria ulio kwenye ibara ya 13 na haki ya kushiriki katika uongozi iliyo kwenye ibara ya 21. Waliona pia kwamba sheria haikusema ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi.

Nasi tunaongeza jambo moja ambalo bibi yeyote kijijini anaweza kukwambia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika desturi zetu, mgeni akifika, anayepika ni mwenyeji. Ndiye anayetafuta kuku. Kwenye takrima mambo yamegeuzwa: mgeni ndiye anayekuja na sufuria, mchele na fulana, na wenyeji wanapanga foleni kwao wenyewe. Huo hatuwezi kuuita ukarimu wa jadi. Wenye desturi hiyo tunaijua.

Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hiyo inataka mgombea na chama waeleze fedha zao zimetoka wapi na zimetumikaje, inaruhusu kuwekwa ukomo wa matumizi, na inakataza zawadi zenye lengo la kumshawishi mpiga kura. Msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwenye karatasi, basi, takrima ilikufa. Kwenye vijiwe vya kahawa jina limebadilika tu. Leo utasikia "maji ya kunywa", "nauli" au "asante ya kusubiri".

Hesabu ya sukari

Tuchukue mfano. Mgombea amempa mama yetu sukari na khanga, jumla shilingi 10,000. Kipindi cha uongozi ni miaka 5. Gawanya 10,000 kwa siku za miaka 5: haifiki shilingi 6 kwa siku. Kwa fedha hiyo mama hanunui hata pipi moja.

Mama atatujibu kwamba bado 6 ni kubwa kuliko sifuri. Ni kweli. Hapo ndipo waliomkaripia walipokwama. Kwa hiyo tuitazame hesabu kutoka upande wa pili.

Ukimpa mtu kura bila kuchukua kitu, umemkopesha. Ana deni lako kwa miaka 5. Unaweza kusimama kwenye mkutano ukamwambia, "Mheshimiwa, tulikutuma kisima, kiko wapi?" Atatafuta maneno, lakini atajua kwamba anadaiwa. Ukichukua sukari, mkopo umegeuka kuwa mauzo. Mteja akishalipa dukani na kuchukua mzigo wake, muuzaji hana tena cha kumdai. Wapo madiwani wanaosema hivyo waziwazi wanapokutana na kero: "Si mlikula?" Neno hilo fupi linafunga mdomo wa kijiji kizima, hata wa wale ambao hawakuonja.

Hasara ya kwanza ya kilo ile, basi, ni haki ya kudai.

Hasara ya pili inampata jirani. Tuseme mgombea amegawa shilingi 10,000 kwa watu 8,000. Hizo ni shilingi milioni 80. Kama alikuwa nazo, atataka zirudi. Kama alikopa au alifadhiliwa, mwenye fedha atataka chake kwanza. Kwa hiyo siku ya kwanza ofisini tayari kuna mtu mbele yako kwenye foleni: anayetaka zabuni ya barabara, anayetaka eneo la machimbo, anayetaka ushuru fulani usiguswe.

Hasara ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi. Shilingi 10,000 kwa mwenye duka kubwa ni fedha ya mchezo. Kwa anayeishi kwenye ule mstari wa 49,320 kwa mwezi, ni matumizi ya siku 6. Maana yake ni kwamba kadiri kijiji kinavyokuwa maskini, ndivyo kura zake zinavyopatikana kwa bei nafuu. Umaskini wa mpiga kura unageuka kuwa mtaji wa mgombea. Kijiji chenye maji, zahanati na barabara hakinunuliki kwa sukari. Kijiji kisicho navyo kinanunulika, na kikishanunuliwa hakidai, na kisipodai hakipati. Mzunguko huo ndio uliomfanya mama aseme hamwoni mgombea mpaka miaka 5 iishe. Anaeleza jambo la kweli. Ila sukari ni sehemu ya sababu.

Baada ya uchaguzi, nani anasikika?

Uwakilishi hauishi siku ya kura. Kati ya uchaguzi na uchaguzi yako maamuzi mengi, na mengine yako karibu sana na wewe.

Chukua mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano huu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa angalau mara moja kila baada ya miezi 3. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha. Yaani kipande cha ardhi anachotaka mwekezaji hakiwezi kutoka kihalali mpaka wewe na jirani zako mkubali.

Nguvu hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lakini tazama nani anafika mkutanoni. Mkutano ukiitwa saa 4 asubuhi wakati wa palizi, kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kuja, kwa sababu akija, watoto hawali. Mama aliyekwenda kisimani tangu alfajiri bado yuko njiani na ndoo. Mwenye ulemavu haoni njia ya kufika. Wanaokuwepo ni wenye nafasi: mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, mwenye pikipiki. Wao wakinyoosha mikono, muhtasari unaandikwa kwamba kijiji kimekubali. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hata waliofika hawasikiki sawa. Mwenye shati lililonyooshwa anapewa nafasi ya kusema kwanza. Mwanamke anaambiwa afupishe. Mzee asiyejua kusoma anapitishiwa karatasi ya mapato na matumizi kana kwamba ni pambo. Mwenye namba ya diwani na salio la simu anampigia jioni. Asiye nayo anasubiri mkutano ambao huenda usiitishwe.

Mfano mwingine ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria imeitenga kwa ajili ya walio nyuma: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Lakini kuipata kunahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba ya kikundi, akaunti ya benki na safari za kwenda kwa ofisa maendeleo ya jamii. Mwenye uwezo wa kufuatilia ndiye anayepata. Kilichowekwa kumwinua mnyonge kinaweza kuishia kwa mwenye nauli.

Na sisi redio je?

Hatuwezi kuwanyooshea wengine kidole na kujificha nyuma ya kipaza sauti. Redio kama yetu inaishi kwa matangazo. Msimu wa kampeni, mgombea mwenye fedha ananunua matangazo, anasikika asubuhi, mchana na jioni. Asiye nazo anasikika siku ya mdahalo tu, kama mdahalo upo. Imewahi kutokea sisi wenyewe kufika kijiji cha mbali kwa gari la msafara wa mgombea, kwa sababu hatukuwa na mafuta. Siku hiyo habari ilikuwa yake. Kijiji cha pili, alikokuwa mpinzani wake kwa bodaboda, hatukufika.

Tumejiwekea mambo mawili. Tangazo lililolipiwa tutasema limelipiwa, ili usikilize ukijua. Na kwenye mdahalo kila mgombea atapata dakika sawa na maswali yaleyale, aliyekuja na magari matano na aliyekuja kwa miguu. Tukikosea, mtukumbushe.

Hata kwa wengine

Usidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Kwa majirani zetu Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2021 kuhusu gharama za siasa ulionyesha kwamba aliyegombea ubunge katika uchaguzi wa 2017 alitumia kwa wastani shilingi za Kenya milioni 18.2. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini ukomo wa matumizi haukutumika mwaka 2017 wala 2022.

Marekani, nchi tajiri, wasomi Martin Gilens na Benjamin Page walichunguza masuala 1,779 ya sera kati ya mwaka 1981 na 2002. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba matakwa ya watu wenye kipato kikubwa na ya makundi ya wafanyabiashara yalikuwa na uzito mkubwa katika maamuzi ya serikali, na matakwa ya raia wa kawaida peke yake karibu hayakuwa na uzito. Na huko hakuna anayegawa sukari. Kura zinaweza kuwa sawa na masikio ya viongozi yasiwe sawa.

Unaweza kufanya nini?

Hatutakwambia kataa halafu tukuache. Tunajua kumkatalia mpambe mbele za watu si rahisi, na njaa haisikilizi mahubiri. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wako.

Kwanza, jua sheria. Rushwa ya uchaguzi inamgusa mtoaji na mpokeaji. Ukiona ugawaji, unaweza kupiga TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Ukidaiwa kitu cha aibu ili upate nafasi ya uongozi au huduma, hiyo nayo ni rushwa, ya ngono, na sheria ya mwaka 2007 inaitaja.

Pili, badili ombi. Mgombea akiuliza kijiji kinataka nini, msiseme soda. Kaeni kabla hajafika, mchague kero moja au mbili, mtume mtu mmoja aziseme, na mwingine arekodi jibu kwa simu. Ahadi iliyorekodiwa ni hati ya deni.

Tatu, hesabuni miezi. Kama miezi 3 imepita bila mkutano mkuu, nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mkiwa kikundi. Mtu mmoja akiuliza ataitwa mkorofi. Wanakikoba 15 wakiuliza, hao ni wananchi. Ombeni pia mkutano uwekwe saa ambayo mama ametoka kisimani na kibarua ametoka shambani.

Nne, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, polepole, siyo kubandikwa tu ukutani. Asiyejua kusoma ana haki ileile.

Tano, kama kuna mtu mnayemwamini lakini hana fedha, msaidieni kwa mlichonacho. Mwingine atampa baiskeli, mwingine atamlaza, mwingine atamtangaza kisimani. Mgombea aliyebebwa na miguu ya wanakijiji anajua anayemdai ni nani.

Mama yetu wa shambani, kama unasoma au unasomewa: hesabu yako haikuwa mbaya. Ulilinganisha kilo moja na sifuri, na kilo ni kubwa. Tunakuomba uongeze mstari mmoja tu kwenye hesabu hiyo, ule wa deni. Kura yako haina uzito mdogo kuliko ya mwenye gari. Wenye magari wanalijua hilo, ndiyo maana wanaifuata mpaka shambani.

Je, kijijini kwako mkutano mkuu wa mwisho ulikaa lini, na mapato na matumizi yalisomwa? Tutumie ujumbe mfupi kwa namba unayoisikia hewani, uandike jina la kijiji na mwezi. Tutasoma majibu kwenye kipindi cha asubuhi, na viongozi wa kata husika tutawaalika studio kuyajibu.